Ushahidi wa Rafu

Jumanne baada ya mapumziko ya saa nne, watoto walipokwisha kutandika mikeka yao sakafuni na kila mmoja ameshika kazi yake, Mwalimu Kimya alijaribu kuinuka kwenye kiti chake kidogo cha kona akashindwa. Akajigusa mapaja. Yalikuwa mbao. Mbao safi, kavu, zenye mistari iliyonyooka, na magoti yamekaa sawasawa, kila moja na pembe yake. Akajaribu mara ya pili, akaona anawasumbua watoto bure, akaacha.

Aliyeijua kazi yake wala asingeshangaa. Ile ilikuwa shule ya Montessori, na huko mwalimu wa watoto wa miaka sita hadi tisa hasimami mbele ya darasa akipayuka. Anampa mtoto somo fupi, anamwachia kifaa, kisha anakaa pembeni kutazama: nani amekwama wapi, nani anarudia kosa lile lile, nani yuko tayari kwa somo linalofuata. Akishaona, ndipo anajua kesho afundishe nini. Wenyewe wanaiita tathmini endelevu, jina kubwa kweli kwa kazi ya kunyamaza. Walimu wengine walitazama dakika mbili, wakachoka, wakaanza kuchungulia simu. Yeye alitazama miaka na miaka bila hata kukohoa, mpaka mwili nao ukaamua kwamba kama kazi ni kutulia, basi na tutulie kweli.

Aliitwa mumewe, ambaye bahati nzuri ndiye aliyekuwa fundi seremala wa shule. Fundi akapiga magoti, akamgonga mkewe pajani kwa kidole, akasikiliza.

"Mbao nzuri hii," alisema. "Haina wadudu. Unaumia?"

"Siumii. Nawashwa tu mgongoni."

"Hapo panataka msasa. Nitakupiga jioni."

Lakini uso ulimsaliti. Viungo vile vilikuwa vimekutana bila msumari hata mmoja, na yeye maisha yake yote hajawahi kuunganisha hivyo. Mtu na kazi yake, jamani, wivu haukosi.

Kufikia Ijumaa mikono ilikuwa imetanuka na kuwa rafu nne pana. Kichwa kilibaki pale juu na kitambaa chake, sauti ikabaki, macho yakabaki. Watoto walianza kumpangia trei zao bila kuambiwa, maana darasani kwao kila kitu kina mahali pake, na ile rafu ya zamani ilikuwa inayumba. Mkurugenzi wa shule alikuja akamzunguka mara mbili.

"Ungetuambia mapema, Mwalimu," alisema, "tungekuweka karibu na dirisha."

Akaagiza apigwe namba ubavuni kwa rangi nyekundu, kama samani zote za shule. Fundi aliipiga mwenyewe, akafuta matone kwa shati lake.

Kazi haikusimama. Mwalimu Kimya aliita mtoto mmoja mmoja, "Njoo na mkeka wako hapa chini," akatoa somo lake fupi, akanyamaza. Na kwa kweli sasa ndipo alipoanza kuwajua. Zamani aliona, sasa aliguswa. Mtoto aliyekwama hurudisha trei kwa kuisukuma, anataka imtoke mbele ya macho. Aliyebahatisha huitupia pale upesi na kutazama pembeni. Aliyeelewa huiachia taratibu, vidole vikakawia kidogo ukingoni. Mwalimu alijuta miaka yote aliyoipoteza akiwa na miguu.

Hivyo ndivyo alivyomjua vizuri Kobe. Kobe alikuwa msichana wa miaka tisa aliyelelewa na bibi yake. Jina alipewa na wenzake kwa mwendo wake wa kazi, naye alilipokea tu, hata kwenye daftari la mahudhurio akaitika kwa hilo. Muhula mzima alichukua trei moja, ile ya kugawanya, yenye ushanga na vikombe vidogo. Anachukua ushanga mmoja, anautia kikombe cha kwanza, anautazama, anachukua mwingine. Wenzake wakiwa wamefika kwenye maumbo na ramani, yeye bado yuko kwenye vikombe. Mwanzoni aliirudisha trei kwa kuisukuma. Baadaye akawa anaiweka. Kisha Alhamisi moja akaichukua, akaiweka juu ya mkeka, hakuifungua kabisa, akakaa akitazama dari asubuhi yote, na kuirudisha na kifuniko chake.

Vidole vilikawia ukingoni.

"Umegawanya?" Mwalimu alimuuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ngapi kwa ngapi?"

"Mia sita arobaini na nane kwa ishirini na saba. Ni ishirini na nne. Haibaki kitu."

"Na ushanga?"

"Ushanga ulikuwa unanichelewesha."

Mwalimu alifurahi mpaka trei zote zikagongana. Mtoto alikuwa ameviacha vikombe mwenyewe, siku yake ilipofika, bila kusukumwa na mtu. Akapanga moyoni kwamba wiki ijayo amwanzishe hesabu za sehemu.

Balaa lilitokea kwingine kabisa. Mzazi mmoja alisimama kwenye mkutano akauliza: mtoto wa jirani yangu, anayesoma shule ile nyingine, ni wa tatu, wa kwangu ni wa ngapi? Mkurugenzi, ambaye aliweza kumkemea mtu yeyote isipokuwa mzazi, akaahidi papo hapo kwamba mwisho wa muhula kutakuwa na mtihani. Maswali arobaini, majibu ya kuchagua A hadi D, saa moja. Asiyefika nusu atarudishwa kwa watoto wa miaka sita, aanze upya. Wazazi wakapiga makofi.

"Nimewatazama hawa mwaka mzima," Mwalimu Kimya alimwambia Mkurugenzi. "Nitajie yeyote, nikwambie amefika wapi na kesho anahitaji nini."

"Najua, Mwalimu. Lakini ni wa ngapi?"

"Hilo silijui."

"Si unaona?"

Siku ya mtihani ilipokwisha, Mkurugenzi alileta habari mwenyewe, kwa heshima, akasimama mbele ya rafu ya pili.

"Kobe amepata saba."

"Katika hesabu alizofanya amekosa ngapi?"

"Hakukosa. Alifanya saba, zote sahihi."

"Basi hajakosa kitu."

"Amekosa thelathini na tatu."

"Huko hakufika."

"Ndiyo maana amekosa," Mkurugenzi alisema kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake.

Kesho yake bibi wa Kobe alifika, akavua viatu mlangoni, akamshika mjukuu wake mkono mpaka mbele ya rafu. Mkurugenzi alikuwa nyuma yao.

"Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Naona umepanuka." Bibi hakuwa na muda wa kupoteza. "Huyu wangu anajua kugawanya au hajui? Niambie ukweli, nikamchape au nikampikie."

"Kampikie, Bibi. Anajua kuliko wote humu ndani. Hana haraka tu. Kumrudisha kwa wadogo ni kumfundisha kitu anachokijua, na atakaa huko aone aibu ya bure."

"Haya, yamekwisha," alisema Bibi, akamgeukia Mkurugenzi. "Umemsikia mwalimu wake."

"Bibi yangu, hiyo ni rafu," Mkurugenzi alisema. "Tazama ubavuni, ina namba. Ni mali ya shule. Leo tukipokea ushahidi wa rafu, kesho madawati nayo yatataka kusema."

"Lakini ndiye aliyekaa na mtoto."

"Na ninamshukuru. Viti navyo vimekaa na watoto."

Bibi alimtazama Mkurugenzi kuanzia viatu hadi kipara, taratibu, bila kuruka mahali. Alikuwa na hasira ya kumtoa machozi, na akayatoa, akayafuta kwa ncha ya mtandio. Kobe alikuwa akitazama sakafu. Walitoka bila kuaga, na Mwalimu Kimya, ambaye hakuwa na miguu ya kuwafuata, alisema "Bibi, samahani" mara tatu kwa mlango uliokwisha kufungwa.

Kobe akakaa na wadogo, magoti yakigusa chini ya meza. Vifaa vikapelekwa stoo, kwa kuwa hakukuwa na swali la ushanga kwenye mtihani. Rafu tupu haina kazi darasani, kwa hiyo Mwalimu Kimya akahamishiwa ofisini kushikilia karatasi za mitihani. Fundi aliletewa mkokoteni akaukataa, akambeba mkewe mgongoni mwenyewe, akipumzika kila baada ya milango miwili.

Karatasi zilifika zikiwa zimefungwa kwa kamba, rundo juu ya rundo. Zilikuwa nzito na baridi. Mtu alizileta, akazisukuma, akaondoka, na hakuna aliyerudi kuzitazama aone nani alikosa nini ili kesho afundishwe. Kila mtu shuleni sasa alijua nani wa tatu. Nani amekwama wapi, hakujua hata mmoja.

"Naumia," Mwalimu alimwambia mumewe jioni moja alipokuwa anafutwa vumbi.

Fundi alikagua viungo vyote kwa vidole. "Wapi?"

"Siyo kwenye mbao. Yule mtoto."

Fundi aliacha kitambaa, akakaa chini, akaegemeza kichwa kwenye rafu ya tatu.

Muhula uliofuata ulipokwisha, mlango wa ofisi ulifunguliwa akaingia Kobe amekumbatia rundo la karatasi za mtihani alizotumwa kuzileta. Alikuwa amerefuka. Alitembea upesi.

"Nimepita, Mwalimu! Ishirini na mbili. Napanda darasa la juu."

"Hongera, mama. Umefanyaje?"

"Zangu saba nilizifanya. Zilizobaki niliweka B zote. Aliyetunga anapenda B, watoto wote wanajua."

Mkurugenzi alikuwa mezani pake. Alivua miwani, akatabasamu kwa furaha ya kweli, kwani hakuwa mtu mbaya na alimpenda mtoto yule.

"Si nilikwambia, Mwalimu? Ilitakiwa kumpima tu, na amejua. Muulize chochote."

Mwalimu Kimya alichagua hesabu ndogo, ndogo kuliko ile ya Alhamisi ya dari, moyo ukimdunda ndani ya mbao.

"Mia tatu tisini na moja kwa kumi na saba, Kobe. Usiwe na haraka."

Kobe alisimama wima, akasubiri kwa adabu. Akasubiri tena. Mwishowe akainua macho, kidogo amechanganyikiwa, akitaka sana kumpendeza.

"A ni ngapi, Mwalimu?"

"Swali zuri," alisema Mkurugenzi, akavaa miwani yake. Mtoto akasukuma rundo lake kwenye rafu ya chini, akaaga, akaenda zake darasa la juu.