Herufi Kubwa za Mzee Naim

Naim aliifungua skrini asubuhi, akasogeza kiti, akaona yule binti wa Kanduyi, Nelima, ameshafanya tena vitu vyake. Herufi alizoziacha nono jana jioni zilikuwa zimekonda, zimejazana pale kama punje za wimbi zilizoanikwa uani. Akashusha pumzi. Akaifungua ile faili ya kuwashia mashine, vidole vikijua njia vyenyewe, akafuta vipimo vya Nelima, elfu moja mia mbili na themanini kwa elfu moja na ishirini na nne, akaandika vyake: mia sita na arobaini kwa mia nne na themanini. Kisha akaizima mashine na kuiwasha upya. Herufi zikarudi zimenona, naye akaagiza chai.

Ushirika wao ulikuwa wa kukausha na kuhifadhi mahindi ya wakulima. Ofisi kuu ilikuwa Kitale, tawi lilikuwa Kanduyi, pale mtu anapoingilia mji wa Bungoma. Rekodi za pande zote mbili zilikaa katika kompyuta moja, nayo hiyo kompyuta haikuwa kitu cha kushikika. Ilikuwa kompyuta ndani ya kompyuta, ile wataalamu wanaita mashine pepe, na aliyeko Kitale na aliyeko Kanduyi wote walifungua skrini yake hiyo hiyo. Huyu akiandika, yule anaona. Na kwa kuwa skrini ni moja, huwezi kuzinenepesha herufi za Kitale ukaziacha za Kanduyi na wembamba wake. Wa mwisho kuandika vipimo ndiye mshindi wa siku. Huku Trans-Nzoia watu wamezoea kupelekana kortini kwa mpaka wa shamba, lakini hawa wawili waligombania mpaka wa herufi, tena bila kusemezana hata neno moja.

Nelima alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa nzuri. Programu ya ghala ilionyesha safu nyingi: jina la mkulima, anakotoka, magunia, uzito, na mwisho kabisa, kulia, unyevu wa mahindi, usiotakiwa kuzidi asilimia kumi na tatu na nusu. Herufi zikiwa kubwa, nafasi inakwisha, na safu ya unyevu inaangukia nje ya skrini. Anayetaka kuiona abonyeze mshale wa kulia, kila mstari, kutwa nzima.

Sababu ya Naim ilikuwa moja tu, na aliyeijua ni mkewe Sabiha peke yake. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Daktari alikuwa amemwambia mapema kwamba upasuaji wake ni mdogo, mtu anaingia asubuhi na jioni anakula nyumbani. Naim akashukuru, akatoka, asirudi tena. Marehemu mjomba wake aliwahi kuingia kwa daktari na macho mabovu akatoka hana kabisa, na hofu haisikii takwimu. Tena alikuwa mwanamume wa kujivuna kidogo, tuseme ukweli. Yeye ndiye aliyeiweka ile mashine tangu mwanzo. Yeye ndiye aliyewafundisha wote kuitumia, Nelima akiwemo. Aende kuwaambia nini sasa?

Alichokuwa nacho badala ya macho ni kichwa. Utotoni, madrasani, alihifadhi kwa moyo kuliko wenzake wote, na kipaji hicho hakikumtoka. Msikitini aliufungua msahafu, akasoma kwa moyo, na kila ulipofika wakati wa kugeuza ukurasa akageuza, wala jirani yake hakushuku. Ofisini ilikuwa vivyo hivyo. Amri za mashine alizijua kwa mpangilio, zipi zinafuata zipi, na vijana wa Kitale wakawa wanaambiana kwamba mzee huyu hata haangalii skrini akiandika. Sifa hiyo ilimwingia vizuri, kama chai ya maziwa siku ya mvua. Aliifurahia, Mungu amsamehe.

Sasa, kazi yake kila siku ilikuwa kupitisha. Tawi linapima mzigo wa mkulima na kuuandika, yeye Kitale anausoma na kubonyeza ndiyo au la, na akisema ndiyo mahindi yanamwagwa katika ghala kubwa pamoja na ya wengine. Mwanzoni, baada ya kuzinenepesha herufi, alikuwa akibonyeza mshale aone unyevu. Baadaye akawa anabonyeza mara mojamoja. Hatimaye akaacha. Alijiambia kwamba Kanduyi wameshapima, wangekuwa wamekataa wenyewe. Kule Kanduyi nao walijiambia kwamba Kitale wanakagua, mahindi mabichi hayatapita.

Yakapita. Mzigo mbichi ukamwagwa juu ya mahindi makavu, ghala la Kanduyi likaanza kupata joto, na lilipofunguliwa harufu ya ukungu iliwatoa watu mbio. Mahindi yaliyoota ukungu hayamfai mtu wala kuku. Yakateketezwa. Mkulima mmoja wa Mabanga anayeitwa Wabwile, aliyekausha mahindi yake kwa turubai na kuyageuza kwa mkono wake mpaka yakalia kwa ukavu, alisimama langoni akaangalia moshi.

Nelima alipiga simu siku iliyofuata.

"Mzee, habari ya asubuhi."

"Njema, binti yangu. Bungoma mwaamkaje?"

"Tuko. Mzee, nataka kukuuliza kitu na usikasirike. Mbona kila siku unarudisha hiyo skrini? Si unajua unyevu inapotea?"

"Mimi nimezoea hivyo."

"Ati umezoea? Si ni wewe ulitufundisha tuwe tunaangalia mstari yote mpaka mwisho?"

Nelima akapunguza sauti. "Watu huku wanaongea, Mzee. Wanasema unaficha unyevu makusudi ndio mahindi ya watu wako ipite. Mimi sijasema hivyo. Lakini mtu akiniuliza, nitamwambia nini?"

Simu ilipokatika Naim alibaki ameishika. Aliumia, wala si kidogo. Miaka yote ameishi mjini Kitale, jirani na msikiti, ameachiwa amana za watu, hajawahi kula cha mtu. Leo aitwe mwizi kwa ajili ya herufi.

Siku hiyo hiyo meneja, Madam Cherono, mwanamke wa Endebess asiyependa maneno mengi ila yawe yake, akatangaza kikao cha Alhamisi. Angeshuka Bungoma mwenyewe amlete Nelima, amlete na Wabwile aje asikie majibu kwa masikio yake.

Sabiha alimsikiliza mumewe mpaka mwisho huku akichambua mboga.

"Baba Salman, waambie."

"Niwaambie kwamba nilipitisha mzigo wa watu nikiwa sioni?"

"Ni afadhali hivyo kuliko kuitwa mwizi."

"Mwizi wa kusingiziwa anaweza kujitetea," Naim akasema. "Mimi nitajitetea na nini? Kosa ni langu kweli."

Sabiha akaacha mboga, akamtazama. Mficha maradhi, wahenga walisema, kilio humfichua. Lakini mke hamtupii mumewe methali siku kama hiyo, kwa hiyo akaendelea kuchambua.

Naim akapanga njia yake. Angekubali kwamba alipitiwa mara moja, kama binadamu yeyote. Na kuhusu herufi, angewaambia wazirudishe ndogo, yeye hana neno, ampe Nelima ushindi mbele ya watu. Mtu anayekubali skrini pana atakuwa anaficha nini? Kilichobaki ni kimoja: wakimwambia asome, asome. Alichukua simu yake, akaipiga picha orodha ya mizigo ya siku ile yenye balaa, akaikuza kwa vidole viwili mpaka jina moja likajaza kioo kizima, na jina kwa jina, mstari kwa mstari, akaihifadhi kichwani. Siku ya Jumatano mchana alikuwa anaweza kuisema yote, kutoka juu kwenda chini na kutoka chini kwenda juu.

Alhamisi ofisi ya Kitale ilijaa mwanga. Dirisha lilitazama upande wa Mlima Elgon na hakukuwa na wingu. Wabwile aliambiwa asubiri kwanza uwanjani, ambako wakulima wengine walikuwa wamekaa juu ya magunia wakingoja mizani. Nelima aliingia, akamsalimia Naim kwa mikono miwili kwa heshima yote, lakini hakumtania kama zamani.

"Kabla hatujaanza," Naim akasema, "binti yangu, weka skrini vile unapenda. Weka ndogo. Mimi sina shida."

Nelima akashangaa. Akakaa mbele ya mashine, akaandika vipimo vyake, akaiwasha upya, akaifungua orodha ya siku ile, safu zote zikatokea mpaka ya unyevu. Akainuka akampisha.

Ndipo Madam Cherono akaanza. Alizungumza juu ya jina la ushirika, juu ya watu wa Mabanga, juu ya sumu inayoingia katika unga, juu ya uaminifu, akarudi kwenye jina la ushirika. Naim alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Orodha ilikuwa imetulia kichwani, kila jina mahali pake.

"Sasa Mzee Naim," Madam akamaliza, "hebu tusomee mizigo ya siku hiyo moja moja, pamoja na unyevu, nami niandike. Tuanzie hapo."

Naim akageuza kiti. Akavaa miwani, ambayo haikumsaidia chochote, akakaa umbali wa mtu anayeona, si karibu sana wala mbali sana. Mbele yake palikuwa na giza la skrini na mng'ao wa dirisha juu yake, kama kawaida. Akaanza.

"Nasimiyu, Sikendet, magunia ishirini na mawili, unyevu kumi na tatu. Wabwile, Mabanga, magunia thelathini, unyevu kumi na mbili nukta tano."

Alisoma taratibu, akisita kidogo mwisho wa kila mstari kama macho yanayorudi kushoto. Aliposita aliona raha ndogo, raha ya fundi. Sauti haikutetemeka mpaka alipofika pale.

"Makokha, Kimilili, magunia hamsini." Akagusa miwani. "Unyevu kumi na tisa."

Alikuwa amelijua jambo hilo tangu alipoikuza ile picha, lakini hakuwa amewahi kulitamka. Kumi na tisa. Mtoto wa shule angeukataa mzigo huo. Akaendelea na mstari uliofuata, na mwingine, na ndipo alipotambua kwamba kalamu ya Madam haisikiki tena kwenye karatasi. Akadhani wamemwamini, na mabega yakamshuka kidogo.

"Niendelee?" akauliza.

Akasikia kiti cha Nelima kikisukumwa, kisha akamsikia yeye mwenyewe karibu, karibu sana, akizungumza polepole kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

"Mzee. Hiyo skrini imezima."

Naim hakuelewa.

"Ikikaa bila kuguswa inajizima yenyewe. Imezima kitambo, Madam akiwa bado anaongea. Hapo hakuna kitu, Mzee. Ni nyeusi."

Aliona aibu ambayo hakuwahi kuiona tangu azaliwe, aibu ya mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Akavua miwani, akaikunja, akatafuta mahali pa kuiweka. Uongo mwingine ulikuwepo, ulikuwa tayari mdomoni, kwamba alikuwa amezisoma mapema. Akauacha.

"Sioni, Nelima," akasema. "Mwaka wa pili huu. Herufi kubwa nilikuwa nazitaka kwa ajili ya macho, sikuwa naficha kitu."

"Na siku ya Makokha?" Madam Cherono akauliza.

"Hata siku hiyo. Sikuangalia unyevu. Nilibonyeza ndiyo."

Nelima akabonyeza kibodi, skrini ikarudi. Akaupitia mstari wa Makokha kwa kidole mpaka mwisho, akaona kumi na tisa, akageuka upande wa dirisha akijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa amekuja na hasira kutoka Bungoma, na sasa hakujua aiweke wapi.

"Kwa hivyo hukuiba," Madam akasema.

"Sikuiba."

Ndilo neno alilolitaka juma zima, kwamba yeye si mwizi. Sasa alikuwa amelipata, na lilimuuma kuliko yale ya watu wa Kanduyi, kwa sababu mwizi hakuwepo, na mahindi yalikuwa yameungua vilevile.

Madam Cherono aliweka kalamu chini. "Mambo ya kazi yako tutaongea baadaye, na hospitali utaenda, hiyo si ombi. Lakini kuna mtu ameketi huko nje tangu asubuhi. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

"Nitamwambia mwenyewe."

Naim akainuka. Njia ya kutoka aliijua: meza, kabati, mlango, kizingiti. Aliitembea wima bila kugusa kitu, akafika mlangoni, na uwanja ukamfungukia mbele, mwanga mtupu, na ndani ya mwanga watu wengi waliokaa juu ya magunia, hakuna hata mmoja mwenye uso. Mazungumzo yao yakakatika walipomwona. Alisimama kidogo pale kizingitini akitafuta, kisha akanyoosha mkono nyuma yake hewani, mbele ya wote.

"Nelima," akasema, "Wabwile ni yupi?"