Mtoto wa Meza ya Forodha

Mwalimu wa hesabu, mwanamke asiyemung'unya maneno, alipotangaza kugombea urais, majirani walicheka, wakazoea, kisha wakaanza kumpigia debe. Ndipo wapinzani wakapeleka pingamizi kwenye tume ya uchaguzi: eti alizaliwa ng'ambo ya mpaka, na katiba inataka rais awe amezaliwa ndani ya nchi.

"Wanatapatapa tu," alimwambia mama yake, fundi cherehani aliyemlea peke yake. "Si nilizaliwa Hospitali Kuu?"

Mama aliinamia pindo la gauni, akakanyaga cherehani kama anayekimbizwa.

"Mama?"

"Hospitali Kuu hawana jina lako, mwanangu. Wasijisumbue kutafuta."

Mwalimu akaketi juu ya rundo la vitambaa.

Mama akamweleza. Alikuwa akirudi kutoka ng'ambo kununua vitambaa, mimba ya miezi minane. Karani wa forodha akamgongea muhuri wa kuingia, akavuka kizuizi, na kabla hajamaliza hatua kumi uchungu ukamshika. Wakambeba hadi ofisi ya upande huu, wakamlaza juu ya meza ya kukagulia mizigo. Hapo ndipo Mwalimu alipozaliwa.

"Kwa nini ulinidanganya miaka yote hii?"

"Nilikuwa binti wa miaka ishirini. Ningemwambia nani kwamba mwanangu kazaliwa kama mzigo usiolipiwa ushuru?"

Mwalimu alitaka kukasirika, kicheko kikamtangulia.

Lakini tume haikubali kicheko kama ushahidi. Kesho yake Mwalimu na Mama wakamsaka yule karani, wakamkuta amestaafu, anafuga kuku. Masikio yalikuwa mazito, kumbukumbu haikuwa na kutu.

"Kumbe ndiwe!" alipaza sauti akimtazama Mama. "Ulinitia matatani! Niliomba meza mpya, bosi akataka maelezo kwa maandishi."

Barua hiyo ilichimbuliwa kwenye ghala la nyaraka, ikasomwa mbele ya tume:

"Meza ya ofisi hii haifai tena, kwa kuwa jana saa nne asubuhi mwanamke aliyekwisha kugongewa muhuri wa kuingia alijifungulia juu yake mtoto wa kike. Mama na mtoto ni wazima. Meza mguu umevunjika."

Hata mwenyekiti alijifuta machozi ya kicheko. "Huyo mwanamke yupo?"

Mama alisimama. "Ni mimi, mheshimiwa. Na sioni haya tena."

Pingamizi likatupwa. Nje, waandishi wa habari wakamzunguka Mama, naye akakoleza hadithi: mara mvua, mara radi, mara simba kaonekana karibu na kizuizi.

Mwalimu akamvuta mkono. "Mama, simba katokea wapi?"

"Wewe unyamaze. Ulikuwa na dakika mbili duniani, ungeona nini?"

Uchaguzi ulipofika, Mwalimu alishika nafasi ya pili. Alilia kidogo, akanawa uso, Jumatatu akarudi darasani kufundisha hesabu za sehemu.