Mtaa Ulioridhika Mno

Nyumba ishirini na nne za mtaa wetu zilinijibu neno moja: tumeridhika. Maji, tumeridhika. Taka, tumeridhika. Zahanati ambayo ikifika saa sita mchana haina hata muuguzi mmoja, tumeridhika sana. Mimi ni mdadisi. Kazi yangu ni kuwauliza wananchi halmashauri inawahudumiaje, na kuandika wanachosema wao, si ninachokijua mimi. Takwimu hizo ndizo zinazoamua ni mtaa gani uongezewe wauguzi na dawa. Mtaa ulioridhika haupewi kitu.

Jirani yetu, fundi cherehani, ndiye aliyeropoka. "Mama yako alitupitia kabla yako. Alisema tukujibu vizuri, usije ukafukuzwa kazi."

Nilifika nyumbani nimefura. Mama alikuwa anakunja nguo.

"Mama, umeniharibia."

"Nimekuharibia nini tena? Mwanangu apite mlango kwa mlango, watu wote wamlalamikie yeye? Si wakubwa zako wangesema kazi imekushinda?"

Hasira zikaniishia pale pale. Nampenda mno mwanamke huyu, hata anaponitia hasara. Nikamweleza kwamba malalamiko ndiyo niliyotumwa kuyachukua, na bila hayo zahanati itabaki vile vile. Alivaa viatu, akatoka. Jioni fundi akaniambia mama amezunguka nyumba zote akiomba radhi: "Semeni ukweli tu, kumbe mtoto anautaka."

Nikamwambia msimamizi wangu yaliyotokea, naye akaagiza mtaa mzima uhojiwe upya. Kwa kuwa haturuhusiwi kuhoji ndugu zetu, kwetu alikuja mwenzangu. Nilitaka kuwapisha, mama akanizuia.

"Kaa hapo jikoni, mlango uache wazi. Si mmesema mnataka ukweli?"

Mwenzangu akacheka, akafungua karatasi zake. Alipofika kwenye zahanati akauliza, "Mama, mwaka huu umewahi kwenda ukakosa dawa?"

"Za presha? Mara nne."

Nilishika ukingo wa meza. Kila mwezi nilikuwa namuuliza kuhusu vidonge vile, na kila mwezi alinijibu.

"Pole, mama. Na ulipokosa, ulifanya nini?"

Mama aligeukia mlango wa jikoni.

"Nilirudi nyumbani, nikamwambia binti yangu nimepata."