Mkono wa Fundi Saïndou

Ndege iliyowarudisha watoto wa skuli kutoka Reunion ilitua Hahaya, kiwanja cha ndege cha Moroni, adhuhuri, jua likiwa utosini, na kila mtoto alishuka amevaa nguo zake zote, moja juu ya nyingine, kwa sababu mabegi yalijaa zawadi. Msafiri harudi kwao Mutsamudu, kisiwa cha pili, hana kitu. Kulikuwa na mabeseni ya plastiki, sabuni za kunukia, makopo ya biskuti, na mwavuli mmoja ambao mwenyewe alikataa kuufunga asije akashindwa kuufungua tena. Watoto walitiririka jasho, lakini walipanga mstari vizuri, maana mwalimu wao alikuwa anatazama.

Mwalimu huyo ni Saïndou. Kule visiwani mwalimu huitwa fundi, awe wa chuo au wa skuli, na Fundi Saïndou alikuwa fundi wa kusahihisha. Alisahihisha hesabu, alisahihisha kamasi, alisahihisha namna ya kukaa. Zaidi ya yote alisahihisha salamu. Mtoto wa Komoro akimkuta mkubwa wake huunganisha viganja viwili, akaviweka katika mkono wa mkubwa na kusema, "Kwezi." Mkubwa huitikia, "Mbona." Mbona ya huko haiulizi kitu, ni jibu la salamu tu. Na mtoto haondoi mikono yake mpaka aitikiwe. Aliyeiondoa mapema, Fundi Saïndou alimrudisha mlangoni aanze upya.

Safari yenyewe ilikuwa nzuri. Waliona kiwanda cha sukari, waliona mlima wa moto, waliona ngazi za dukani zinazopanda zenyewe. Ngazi ndizo zilizowashangaza. Mlima wa moto hata Ngazidja, kisiwa cha Moroni, uko. Siku ya mwisho walipelekwa redioni wawasalimu wazazi wao. Mtangazaji akamwuliza Moinahalima, msichana wa benchi la mbele, "Na nani mkubwa wa nchi yenu?"

Moinahalima akajibu kama alivyofundishwa, kwa sauti na bila kutafuna maneno: "Ni wale Wazungu wa nguo nyeusi wenye bunduki. Rais ni mgeni wao."

Darasa zima likamgeukia fundi, likingoja asahihishe. Fundi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakusahihisha.

Redio ile husikika mpaka Moroni.

Basi pale Hahaya, pembeni ya meza ya mizigo, alikuwa amesimama Mzungu mmoja wa nguo nyeusi. Hao walikuja kwa bahari mwaka wa sabini na nane, wakaweka rais, wakabaki kumlinda, na tangu hapo hakuna aliyejua nani anamlinda nani. Mzungu hakuwa na haraka. Fundi alisimama mlangoni, na kila mtoto alipompita alimpa kwezi, maana hivyo ndivyo alivyokuwa akiwahesabu. Wa mwisho alikuwa Moinahalima. Akaunganisha viganja vyake, akaviweka katika mkono wa kulia wa fundi.

"Kwezi, fundi."

Kabla fundi hajafungua kinywa, Mzungu alimshika bega la kushoto akamwambia, "Wewe, njoo huku." Fundi akapakiwa kwenye gari.

Moinahalima alikuwa bado hajaitikiwa, kwa hivyo hakuondoa mikono yake. Gari likaenda, na mkono wa fundi ukafuatana nalo, ukirefuka kama kamba ya kisima ndoo inapozama.

"Moina, mwachie!" mwenye mwavuli alimwambia.

"Hajaitikia."

"Basi mkimbilie!"

"Gari limeshafika kwenye kona."

"Na mkono?"

"Mkono huu hapa."

Wakashuka mjini kwa lori. Wenyeji waliowalaza Badjanani, mtaa wa kale wa Moroni, waliwapokea kwa wali na samaki, na mkono ukapita vichochoroni kuelekea kwenye kambi ya Wazungu hao, juu ya mji, mahali ambapo gari lilikuwa limeingia. Mama mmoja mtu mzima, wa kuitwa koko, yaani bibi, alisimama mlangoni akauangalia.

"Wa nani huu?"

"Wa fundi wetu, koko."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Upande wa pili."

"Haya, uinueni basi, msiuburure kwenye mawe. Watu wazima hawana ngozi ya kuchezea."

Asubuhi wakapanda meli ndogo ya mizigo. Nahodha alilalamika kwamba mkono unamvuta nyuma, lakini aliupitisha vizuri juu ya ukingo na kuuwekea gunia usikwaruzwe. Wavuvi wa Badjanani waliokuwa njiani waliunyanyua, wakapitisha ngalawa zao chini, wakaushusha.

Bandarini Mutsamudu wazazi walikuwa wamejaa. Miongoni mwao alikuwa Anziza, mkewe fundi, uso wake umepakwa msindzano, urembo wa manjano wa msandali, na shuka jipya la chiromani mabegani, kama inavyompasa mwanamke ambaye mumewe anarudi safarini. Moinahalima alimwendea moja kwa moja.

"Bweni," alisema, maana ndivyo aitwavyo huko mwanamke wa heshima, "fundi huyu hapa. Sehemu yake nyingine imebaki Moroni."

Anziza aliutazama ule mkono, vidole vyenye chaki kwenye kucha, pete ya fedha. Akaushika. Ukambana.

"Amekonda," alisema.

Tangu hapo mkono ulikaa Mutsamudu. Asubuhi ulikuwa skuli, jioni ulikuwa kwa Anziza. Haukuachwa hata kidogo, maana aliyetoa kwezi anangoja jibu. Mwingine akija akatoa kwezi juu ya yake, zamu inakuwa ya huyo. Watoto wakawa wanapokezana hivyo benchi kwa benchi. Ukipewa chaki mkono uliandika hesabu ubaoni, mwenye zamu akiushika kifundo, na ukipitishwa kwenye madaftari ulisahihisha. Mtoto mmoja alijaribu kuuliza kwa kuandika kwenye kiganja, "Fundi, uko wapi?" Mkono ulimpigia mstari chini ya neno alilokosea.

Mambo ya dini yalipata mtu wa kuyatazama. Anziza alikwenda kwa kadhi kuuliza kama udhu wa mumewe unasihi ikiwa mkono wa kulia anauosha yeye Mutsamudu na mengine anayaosha mwenyewe Moroni. Kadhi alifikiri, akatafuta kitabuni, akasema unasihi, mradi maji yafike kwenye kiwiko. Kiwiko kilikuwa baharini, karibu na kisiwa cha Mwali. Kadhi akasema basi hapo maji hayana shida.

"Na kula je?" Anziza aliuliza.

Kadhi akafunga kitabu. Mkono wa kulia uko Mutsamudu, kwa hivyo mtu yule kule alipo anakula kwa mkono wa kushoto. Anziza alirudi nyumbani akalia kwa hilo kuliko kwa mengine yote.

Siku moja aliwaachia watoto mkono, akapanda meli, akaufuata kwa miguu kutoka bandari ya Moroni, akapita Badjanani, akapanda mpaka kwenye lango la kambi. Pale mkono ulikuwa unapita chini ya lango. Akambishia mlinzi hodi, mlinzi akamwita Mzungu, akawa anawatafsiria.

"Nimekuja kumchukua mume wangu."

"Hatuna mtu huyo."

"Mkono wake unaingia humu."

"Mama," Mzungu alisema, "mikono mingi inaingia humu."

Anziza akarudi.

Haukupita muda mrefu akaja Soulé, mchuuzi wa samaki, aliyekuwa amefungwa kambini kwa kosa la kucheka gari la askari lilipozima mlimani. Alikuwa ameachiliwa, na alikuja kwa Anziza kabla ya kwenda kwake. Alikaa ukumbini, akaukuta mkono umepumzika kwenye mto.

"Huyu bwana namjua," alisema. "Chumba chake na changu ukuta mmoja. Kila siku wanamwambia, sema neno moja tu, mtoto aachie, mkono urudi, nawe uende zako nyumbani. Yeye anawajibu amelisahau."

Moinahalima alikuwa pale na zamu yake. Akacheka mpaka akajishika mbavu. Fundi Saïndou asahau salamu!

Anziza hakucheka. "Mwanangu," alimwambia, "akiitikia, sisi tutaachia. Tukiachia, mkono utarudi kule, na hakutakuwa tena na kitu cha kuonyesha kwamba mtu huyu yupo. Hawatamleta nyumbani. Watamfunika tu."

Moinahalima akaacha kucheka, akaushika vizuri zaidi.

Mzungu mwenyewe alikuja Mutsamudu baada ya Idi. Aliingia darasani pamoja na koplo wake, Msa wa Ikoni, kijana mpole aliyekuwa akimtafsiria. Mkono ulikuwa ubaoni unagawanya desimali.

"Nani ameupa ruhusa ya kufundisha?" Mzungu aliuliza, na Msa akatafsiri.

Moinahalima akasimama. "Kitendawili!"

"Tega," Msa akasema kabla hajajizuia.

"Nimetoa salamu Hahaya, nangoja jibu Mutsamudu."

Msa akatafsiri. Mzungu alitazama dari, akatazama watoto, akasema hajui na hataki kujua.

"Ameshindwa!" watoto wakapiga kelele. "Atoe mji!"

"Wanasemaje?"

"Wanasema umeshindwa, mkubwa," Msa alisema huku anatazama viatu vyake. "Aliyeshindwa hutoa mji. Ndivyo mchezo ulivyo."

"Mji gani?"

"Moroni!" darasa zima lilijibu, na hilo halikuhitaji kutafsiriwa.

Mzungu alisema hakuna mji utakaotolewa leo. Akamwamuru Msa achukue panga aukate mkono. Mwenyewe hakulishika panga. Watu wa namna yake huwa na watu wa kuwakatia. Msa akalichukua, akausogelea ubao. Lakini mkono ule ulikuwa wa mtu mzima, tena fundi, na Msa alilelewa Ikoni na mama mwenye adabu. Kabla ya kufanya lolote aliweka panga kwapani, akaunganisha viganja, akasema, "Kwezi, fundi."

Hapo ndipo alipokosea. Mkono uliiacha chaki, ukampokea.

"Kata!" Mzungu alisema.

"Siwezi, mkubwa. Hajaitikia."

Mzungu akatoka nje akavuta sigara. Akarudi. "Bado?"

"Bado, mkubwa."

Alasiri Mzungu aliondoka na gari, Msa akabaki. Watoto hawakumpokea zamu mara moja. Walimwacha hapo apate angalau somo la desimali, ambalo alisema huko nyuma hakulielewa. Jioni Moinahalima alimwonea huruma, akatoa kwezi juu ya yake. Msa aliacha panga kwenye dirisha la skuli, akaenda kwao Ikoni kulima, na hakurudi kambini.

Kuanzia hapo hakuna aliyeletwa tena kuukata mkono. Kule Moroni waliendelea na njia zao. Zipo siku mkono ulifumba ngumi ghafla darasani, ukakaa hivyo mpaka kengele ya kutoka, na watoto waliimba jedwali la kuzidisha kwa sauti ya juu wasisikie walichokuwa wanakifikiri. Jioni hizo Anziza aliukanda kwa mafuta ya nazi. Alikuwa akiusimulia habari za mjini, nani ameolewa, nani ameezeka bati, na kuugombeza kwa sababu ya kucha.

Miaka ikaenda. Nywele za kwenye kifundo zikawa nyeupe. Mwisho wa mwaka wa themanini na tisa Wazungu wa nguo nyeusi wakapanda ndege, wakaondoka. Kambi ikafunguliwa, watu wakatoka, wengine wakitembea, wengine wakibebwa. Anziza alikuwa langoni tangu alfajiri. Fundi Saïndou hakuwa miongoni mwao. Akauacha umati akaufuata mkono. Ukavuka uwanja, ukapita jikoni, ukaingia chini ya ukuta ambao haukuwa na mlango. Aliita. Ukuta haukujibu, lakini watu waliokuwa Mutsamudu walisema saa ile ile vidole vilitikisika.

Wakubwa wapya walikuja na fundi ujenzi. Akaugonga ukuta, akausikiliza, akasema ni ukuta imara sana, na jengo zima limeuegemea. Wakubwa wakamshukuru. Wakasema jambo hili litaangaliwa.

Kilichoangaliwa ni barabara. Mkono ulikuwa unatoka bandarini na kuikata barabara ya Hombo, hapo Mutsamudu, na teksi zinazopeleka wagonjwa hospitali zililazimika kusimama, abiria washuke, waunyanyue, gari lipite. Serikali ikajenga kidaraja cha saruji juu yake, kizuri, chenye kingo zilizopakwa chokaa. Siku ya kukifungua waliweka viti na maturubai, na waziri akaja kutoka Moroni.

Anziza alikaa mbele, mkono mapajani mwake. Pembeni yake alikaa Moinahalima, ambaye sasa alikuwa fundi katika skuli ile ile, na nyuma yao watoto wa darasa lake. Waziri alihutubia juu ya maendeleo. Alisema kwamba nchi inayojali watu wake huwajengea njia ya kupita.

"Fundi," mtoto mmoja alimnong'oneza Moinahalima, "yeye ndiye atakayekwenda kuvunja ule ukuta?"

"Ngoja tuone atakavyotusalimu."

Hotuba ikaisha. Waziri alishuka kuwapa watu mikono, kiti kwa kiti, akicheka na kuuliza hali. Alikuwa kijana kuliko Saïndou, mtoto wa Moroni aliyelelewa kwa adabu kama watoto wote wa visiwa vile. Alipofika mbele ya Anziza aliuona mkono, umefunguka, kiganja juu, unangoja kupewa kwezi.

Waziri akatia mikono yake yote miwili mifukoni.

"Hamjambo wazee," alisema kwa mbali, akainamisha kichwa, akaelekea garini.

"Amepita," Anziza aliuambia mkono. Akausogeza upande wa kulia, na Moinahalima akaunganisha viganja vyake akaupokea, kwa sababu ilikuwa zamu yake.

Gari la waziri likapanda kidaraja, likavuka. Kidaraja hakikutikisika.