Presha ya Kifungo

Fundi cherehani alikuwa amechoka kuambiwa kwamba mbwa wake, Kifungo, haumwi. Nyumbani Kifungo alikuwa akishikwa ghafla: anahema kama katoka mbio, miguu inatetemeka, moyo unamdunda mpaka mbavu zinacheza. Kisha anatulia na kudai chakula. Akifikishwa kliniki, buheri wa afya. Kaka yake fundi alishasema kwamba anayehitaji daktari ni mwenye mbwa.

Daktari wa wanyama wa mtaa wa pili hakucheka. Alimsikiliza fundi mpaka mwisho, akampima Kifungo, akakuta presha ya kawaida, akakiri kwamba bado hana jibu. Ila aliomba aje kwao na mashine yake ya presha.

Akaja siku yake ya mapumziko. Aliketi sakafuni katikati ya vipande vya vitambaa, akamfunga Kifungo mkanda wa mashine mguuni, akangoja. Asubuhi ikapita bure. Fundi akaona haya, akaanza kuomba radhi.

"Mama, wewe shona tu," daktari akamwambia. "Kama ni ugonjwa ninaoufikiria, hauji kwa miadi."

Mchana Kifungo akainuka, akaanza kuhema. Daktari hakupapatika. Akapima, akarudia, kisha akamgeuzia fundi mashine aone mwenyewe: presha ilikuwa imepanda karibu maradufu. Machozi yakamlenga fundi. Kumbe hakuwa akiota.

Daktari akamweleza kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo inayotoa homoni za kumshtua mnyama akiona hatari. Mara chache sana tezi hiyo huota uvimbe, ukazimwaga homoni hizo ovyo. Picha ya ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye tezi ya kushoto, na mkojo ulipopimwa ukamuunga mkono daktari. Hata hivyo hakukimbilia kisu. Alimpa Kifungo dawa ya presha kwa wiki kadhaa ili moyo usije ukamzimikia mezani, na akamwomba mwalimu wake wa zamani, bingwa wa upasuaji, asimame naye.

Siku ya upasuaji kaka mtu alikaa na dada yake kwenye benchi, bila mzaha. Daktari alipotoka, fundi akainuka.

"Uvimbe umetoka wote," daktari akasema. "Presha ilitutoa jasho, lakini amestahimili."

Kifungo alirudi nyumbani kanyolewa tumbo zima, akalala fofofo. Na fundi akawa anamsifu daktari kwa kila mteja aliyekuja kuchukua nguo, hata asiyeuliza.