Jina Juu ya Ukurasa

Husni aliingia uani shati limechanika kwapani, akapita katikati ya visahani vya udongo nilivyopangia mikate iumuke juani, asitazame anakanyaga wapi. Nilidhani amegongwa na pikipiki. Kumbe amepigana mkahawani. Kijana mmoja alimwagizia chai kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Mpeni chai mwana wa Dawlat."

Dawlat ni mimi.

Kwetu, huku Saidi, kusini mwa Misri, mwanamume hulificha jina la mama yake kama afichavyo donda. Watoto shuleni hupelelezana, na likijulikana la mmoja wao huimbiwa mpaka alie. Hata kadi ya harusi yangu haikunitaja. Iliandikwa "binti mheshimiwa" wa baba yangu, ikaishia hapo. Tangu nimzae Husni nimekuwa Umu Husni, yaani mama Husni, kwa jirani, kwa mshonaji, kwa marehemu mume wangu. Sasa jina langu lilikuwa kwenye simu za vijana wasio na kazi, wanapokezana kama sigara.

Aliyeliweka huko ni Rawya, binti yangu.

Mwaka ule alikuwa chuoni Minya, akisomea uandishi wa mtandaoni na kutengeneza tovuti. Nami nilifurahi, nisiwafiche. Alikuwa akikanda unga na mimi huku akinisimulia. Kwamba mtu mbele ya kioo cha simu hasomi, anaparua kwa macho kama anayetafuta mbuzi aliyepotea, kwa hiyo jambo zito likae juu. Kwamba sentensi ziwe fupi, na rangi zisigombane. Mimi niliyeishia darasa la sita niliona ni kama kupanga sinia la wageni. Alipoomba kupiga picha mikono yangu kwa ajili ya zoezi la darasa, nilimpa mikono. Uso nilikataa, akakubali. Jina hakuuliza, wala mimi sikujua kwamba ni kitu cha kuulizwa.

Mwanzo aliandika juu kabisa ya ukurasa wake wa mtandaoni, "Mkate wa Jua wa Umu Husni." Mwalimu wake, Ustadha Ibtihali, msichana wa mjini mwenye haraka, alikataa. Alimwambia kina Umu Husni wamejaa nchi nzima. Msomaji atajuaje ni yupi? Kichwa cha habari lazima kiseme ni nani. Rawya ni mtoto mtiifu. Akasema ni nani, na chini akatia jina lake mwenyewe.

Jioni ile ya ugomvi, kabla hajalifuta, nilimwambia anionyeshe. Nilisoma polepole, kidole chini ya maneno: *Dawlat hupima jua kwa kiganja.* Nikarudia. Ilikuwa kama kumwona kwa mbali mwanamke niliyewahi kumjua, nisiweze kumwita.

"Futa," nikasema.

Akafuta. Lakini wenzake walikwisha kuupiga picha ukurasa wakatumiana, na picha hizo hazikuwa mikononi mwake tena. Husni alikuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe umefutwa chuo," akamwambia. "Kesho hutoki humu."

"Kaka, nimebakiza muhula mmoja."

"Ungebakiza adabu."

Rawya hakulia. Alifunga kompyuta yake, akaifutafuta kwa upindo wa kitambaa chake, akaisukuma kwangu kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima. Hapo ndipo moyo wangu ulipogeuka. Nilimjua mwanangu: angelala ndani mwaka mzima bila kulalamika, mpaka aje mtu kumposa.

"Husni," nikasema, "siku shehe atakapokusomea talakini kaburini, atakuita mwana wa nani?"

Akaufuta mdomo kwa mkono wa shati.

"Atakuita kwa jina la mama yako, na kijiji kizima kimesimama hapo. Utaamka umpige ngumi?"

Nilipolisema tu, nikajiziba mdomo. Mama gani anamtajia mwanawe kaburi? Nikaomba Mungu aepushe, nikagonga kizingiti, nikampelekea sadaka jirani kipofu, na mpaka leo Husni akichelewa kurudi siwezi kukaa kitako. Yeye akaenda kuosha damu mdomoni.

Kina mama wenzangu, msinielewe vibaya. Siwaambii mfungie mabinti. Nawaambia mkae nao wakati wanaandika. Ulizeni: hiki kinakwenda wapi, nani atakisoma, na nani atapigwa kwa ajili yake? Mabinti wetu wanafundishwa kuweka jambo zito juu. Uzito wake tunaujua sisi, wao hawaujui mpaka liwe limeshatoka. Juzi sokoni mwanamke nisiyemfahamu alinishika mkono akauliza, "Wewe ndiye Dawlat wa mkate?" Nikasema hapana. Nilifika nyumbani nikakumbuka kwamba sikununua chochote.

Jumamosi asubuhi, siku ya kufungua wiki ya masomo, Rawya alivaa viatu. Hakuna aliyemruhusu, wala hakuna aliyemkataza. Husni alimwaga chai yake, akatoka mbele yake bila neno, wakaifuata njia ya mfereji kwenda kituoni, yeye mbele, dada yake nyuma. Nilibaki mlangoni.

Walipofika mbele ya mkahawa, unaoonekana kutoka kwetu, mtu alipaza sauti. Sikusikia alichosema, nilisikia vicheko tu. Husni akasimama. Rawya naye akasimama, mkoba ameukumbatia kifuani. Niliona bega la mwanangu likipanda, likashuka.

Kisha akageuka, akauchukua ule mkoba, wakaendelea na safari.