Shimo la Maji Machafu, Moja

Hivi wewe, ukikuta zege limesakafiwa nyuma ya nyumba ya mtu, katikati ya migomba, utaandika ni kitu gani bila kumuuliza mwenyewe?

Wapimaji wa reli ya mwendokasi waliandika. Walipita Chanika wakati bibi Kokushubila yuko kanisani, wakachora X nyekundu ukutani mwa nyumba yake, na nyingine juu ya lile zege. Bibi aliporudi alipiga magoti na kitenge chake kile kile cha Jumapili, akaisugua kwa jivu na gunzi mpaka vidole vikachubuka. Haikutoka.

Pale amelala Revelian, mumewe. Kwao Bukoba mtu huzikwa kwenye migomba yake, na waliponunua kiwanja hiki walipanda migomba kwanza, msingi wa nyumba ukafuata. Msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa. Wa chuma ulikuwa bado kwa fundi wa kuchomelea.

Wiki tatu bibi alinuna. Samiha wa dukani akamweleza alichosikia redioni: Bunge limepitisha sheria ya kuruhusu matumizi ya awali tu ya ardhi, kupima na kusafisha njia. Reli yenyewe itaamuliwa baadaye, na huenda ikapita kwingine kabisa. Hapo ndipo hasira ilipompanda hasa.

Jumanne akaja ofisa wa reli, Haroub, na fomu ya mali zake ya kusaini. Huyu angalau alipiga hodi, akaamkia. Bibi aliitikia marahaba ya mdomoni, kigoda hakumpa. Akamwambia asome kwa sauti.

Nyumba moja. Migomba kumi na minne. Shimo la maji machafu, moja.

"Rudia hapo."

Haroub akarudia, kisha akachungulia nyuma ya nyumba, akaona maua ya plastiki juu ya zege. Akaomba radhi, akasema atasahihisha iandikwe kaburi, na kwamba sheria imeruhusu kulihamisha.

"Sheria yenu naijua. Mmeruhusiwa kutumia kabla hamjaamua. Sasa mie nimfukue mume wangu kwa ajili ya maandalizi?"

Haroub aliinamia fomu. Akauliza, taratibu, basi bibi anataka aandike nini.

Kokushubila alivuta kigoda, akakaa yeye.

"Andika jina lake, Revelian. Andika asiguswe mpaka hiyo reli iwe ya kweli. Na pale kushoto kwake, nilipoacha wazi bila mgomba, andika ni pangu. Hilo hata wanangu sijawahi kuwaambia."